Kitu Alichokifuga Shabani

Jumatatu, 8 Julai

Shule zimefunguliwa. Vumbi hadi kwenye meno. Kidato cha Tatu wamesahau kila nilichowafundisha kabla ya likizo. Nimefuta ubao na kuanza upya. Upepo wa kusini umevunja kioo kingine cha maabara, tumeziba kwa boksi la chaki.

Saa ya chai mwalimu wa Jiografia kaniambia Shabani amerudi. Nikauliza Shabani yupi. Nilijua yupi. Shabani niliyemfundisha Fizikia tangu Kidato cha Kwanza, akaenda Ulaya kusoma, akabaki huko akifanya kazi kwenye maabara ya antimaada. Yuko kwa mama yake Ujiji, wiki ya pili sasa.

Wiki ya pili na hajanipigia simu. Nimeumia. Naandika hapa kwa kuwa sina pengine pa kulisema.

Jumatano, 10 Julai

Nimekwenda Ujiji baada ya vipindi. Mama Shabani alifungua mlango nusu. Mikono yake myekundu kwa mawese, ndiyo biashara yake tangu namfahamu. Tukasalimiana. Hakunikaribisha.

"Amelala," akasema.

Nikasikia kikohozi ndani. Kikohozi cha mtu aliye macho.

"Nimsubiri?"

"Mwalimu, wewe ulimutaka mutoto wangu aende angani. Haya, amerudi chini. Mwache apumzike."

Akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningekasirika, ingekuwa afadhali. Nimerudi kwangu Bangwe kwa bodaboda, sketi imejaa vumbi. Sijapika.

Jumamosi, 13 Julai

Shabani amepiga simu. Sauti yake nyembamba. "Shikamoo Mwalimu. Usimkasirikie mama. Njoo kesho, nimeshamwomba." Nikauliza anaumwa nini. Akasema njoo kwanza.

Nimefua, nimepiga pasi, nimedeki sebule isiyo na mgeni. Mikono inatafuta kazi.

Jumapili, 14 Julai

Saratani ya tezi.

Nimeiandika ili nione inavyokaa kwenye karatasi. Inakaa kama neno lolote.

Alitibiwa hukohuko. Ikapoa, akarudi kazini. Ikarudi. Wakamtibu tena, ikapoa kidogo, ikarudi kwa nguvu. Madaktari wakamwambia ukweli na yeye akakata tiketi ya kuja nyumbani. Shati linamning'inia. Shingoni ana uvimbe anaoufunika kwa skafu ya mama yake. Macho tu ndiyo yaleyale.

Tulikaa uani. Mama yake alikuwa jikoni, mgongo kwetu, anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa kishindo kikubwa kuliko inavyohitajika.

Tuliongea kazi yake. Walikuwa wanatengeneza atomu za antimaada, chache sana, na kuzining'iniza kwa sumaku ndani ya chombo kisicho na hewa ili zisiguse kitu. Zikigusa maada ya kawaida zinatoweka, zote mbili, unabaki mwanga. Alipoeleza hivyo alikaa wima. Kidogo nisahau kuwa anaumwa.

Alipokuwa Kidato cha Pili aliniuliza ni mafuta gani yanaweza kumfikisha mtu kwenye nyota. Nikamletea gazeti la sayansi lenye picha ya chombo cha angani kinachoendeshwa kwa antimaada. Gazeti hilo hakulirudisha. Leo ananiambia ana ombi. Anataka kuzungumza na wanafunzi wa shule yake, wakati bado ana pumzi, juu ya swali lilelile. Je, antimaada inaweza kutufikisha nyotani?

"Huko nimeulizwa mara nyingi, nikajibu kwa lugha za watu," akasema. "Nataka kujibu hapa, kwa Kiswahili, mara moja, vizuri."

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Kutwanga jikoni kukakoma.

Alhamisi, 18 Julai

Mkuu wa shule amekubali. Amefurahi mno. Anataka awape vijana moyo. Amelisema neno moyo mpaka nimechoka nalo.

Baada ya shule nimekwenda Ujiji kutayarisha. Tumehangaika na maneno. Maada wanaijua tangu shule ya msingi. Antimaada wataielewaje? Shabani akasema ni pacha wa maada, kila kitu sawa, ila chaji imegeuzwa. Wakikutana hakuna anayebaki.

Mama yake akajibu kutoka jikoni bila kugeuka. "Kama wake wenza wa babu yake. Hao nao hawakukaa chungu kimoja."

Shabani alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi pia. Mama yake hakucheka. Lakini alileta chai, vikombe viwili, na changu alikiweka mbele yangu, si mbali.

Jumapili, 21 Julai

Siku mbaya.

Nilifika nikamkuta Shabani na homa, amejifunika blanketi juani. Nikatoa kurasa tulizoandika. Mama Shabani akazichukua mkononi mwangu. Hakuzichana. Alizikunja vizuri, akazitia kwenye pindo la kitenge.

"Hatazungumza," akasema. "Kile kitu kimemula mwanangu. Alikuwa anakifuga kule kama mtu anafuga nyoka ndani ya chupa. Kimemuuma. Sasa mnataka asimame mbele ya watoto akisifu?"

Shabani akasema, mama, si hivyo. Mama akamnyamazisha kwa mkono.

"Mwalimu, wewe una wawili. Mmoja Kasulu, mmoja Dodoma. Wazima, wanakupigia simu. Mimi nilikuwa na mumoja. Ukaniambia ana akili, mama, mwache aende. Nikamwacha. Uliniambia wewe, hapa hapa."

Ni kweli nilisema. Na ningesema tena. Sikumwambia hivyo. Nilichukua mkoba nikatoka bila kuaga.

Nimemchukia. Nimemwonea huruma pia. Vyote kwa pamoja, na hakuna kinachomshinda mwenzake.

Alhamisi, 25 Julai

Sijaenda. Nimesahihisha madaftari. Nimemgombeza mwanafunzi kwa kosa dogo, nikamwita nikamwomba radhi.

Shabani amepiga. Anasema mama yake halali. Anakaa mlangoni mwa chumba chake, anasikiliza anavyopumua. Yeye anataka nije nimsaidie kumweleza mama kwamba kazi haikumtia ugonjwa. Anasema akieleza peke yake anachoka kabla hajafika mwisho.

Sitaki kwenda. Nimemwambia nitakuja.

Jumamosi, 27 Julai

Nimekwenda.

Mama Shabani alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya ndizi za kupika. Hakuinuka, hakunifukuza. Nikakaa, nikachukua kisu cha pili, nikamenya naye. Shabani akatoka chumbani akishika ukuta. Akachukua ndizi moja.

"Mama, hii hapa inatoa kile kitu."

Mama yake akamtazama kama anapima homa kwa macho.

Shabani akaeleza. Ndizi ina madini yanayoitwa potasiamu. Sehemu ndogo sana ya madini hayo hutoa chembe za antimaada, moja moja, mara chache kwa siku. Zinakutana na maada palepale, zinakwisha. Ndivyo ilivyo tangu ndizi ya kwanza. Tumezila maisha yetu yote.

"Ni kweli, Mwalimu?"

Mara ya kwanza kuniuliza kitu tangu Shabani arudi. Nikasema ni kweli, na kwamba zile chembe walizokuwa nazo maabara ni chache kiasi kwamba zisingeweza kumuumiza hata sisimizi.

Nguvu zilikuwa zimemwishia Shabani, nikaendelea mimi. Nikamweleza habari ya mashine iliyompiga picha hospitali kule. Mgonjwa huchomwa dawa inayotoa chembe hizohizo. Dawa hukusanyika penye ugonjwa, chembe zikikutana na mwili zinatoa mwanga usioonekana kwa macho, mashine inauona. Hivyo ndivyo walivyojua saratani iko wapi. Antimaada haikumtia ugonjwa. Iliuonyesha.

Akafikiri. Kisu kimesimama.

"Kwa hiyo kiliuona."

"Ndiyo."

"Kikauona, kikauacha."

"Kazi yake ni kuona tu, mama," Shabani akasema.

"Basi nini kimeua mwanangu?"

"Mama. Bado sijafa."

Tulicheka, sote watatu. Kicheko kibaya. Kisha yeye akaanza kulia, bila sauti, ndizi mapajani.

"Hakuna anayejua imetoka wapi," Shabani akamwambia. "Inatokea tu kwa watu. Hakuna wa kumlaumu."

"Ningependa awepo," akasema. "Ningependa awepo mutu."

Nimerudi Bangwe na maneno hayo. Nilipofika nyumbani nililia nikiwa bado nimeshika funguo.

Jumanne, 30 Julai

Amelazwa hospitali. Homa haishuki, damu imepungua. Mama yake hataki kutoka wodini, manesi wamechoka kumwondoa. Nimempelekea ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka. Amekula tonge chache kwa heshima yangu.

Mkuu wa shule anasema tuahirishe, labda tufute. Anaona si picha nzuri kwa wanafunzi, mgonjwa wa namna hiyo. Nimemwambia kama ukumbi hautafunguliwa nitamketisha chini ya dirisha la maabara na watoto watakuja wenyewe. Nilipaza sauti. Makarani walisikia. Sijali.

Ijumaa, 2 Agosti

Ameongezewa damu. Ameruhusiwa. Rangi imerudi kidogo. Daktari alinivuta pembeni akaniambia nguvu hii si ya kudumu, tusiichukulie kama nafuu. Nikamuuliza mama ameambiwa? Akasema ameambiwa, amejibu "nimesikia."

Jioni mama Shabani akafungua pindo la kitenge, akanirudishia kurasa. Zimelowa jasho, zinanuka mawese.

"Azungumze," akasema. "Lakini nitakuwepo. Nikisema basi, ni basi."

Jumanne, 6 Agosti

Amezungumza. Naandika yote nisije nikasahau.

Tulimleta kwa bajaji, mama yake kamshika kiuno. Bwalo lilijaa, wengine wakasimama madirishani. Mkuu akamkaribisha kwa maneno marefu. Shabani akaketi, nikamwekea maji. Mama yake akakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani.

Alianza kwa sauti ndogo na bwalo zima likanyamaza ili lisikie. Akasema tangu akiwa mdogo anasoma pale shuleni alitaka jibu moja. Nyota iliyo karibu nasi kupita zote, ukiacha jua, iko mbali kiasi kwamba vyombo tulivyonavyo vingesafiri maelfu ya miaka. Mafuta ya roketi ni dhaifu. Ukitaka kufika ndani ya umri wa mtu unahitaji kitu chenye nguvu kuliko vyote. Na kipo. Maada ikikutana na antimaada, hakuna kinachobaki majivu, chote kinakuwa nishati. Antimaada yenye uzito wa punje chache za mchele ingetosha kuubomoa mji.

Vijana wakaguna kwa furaha. Mkuu akatabasamu.

Kisha akaanza kubomoa. Kwanza, hatuchimbi antimaada popote, lazima tuitengeneze, na kuitengeneza kunakula nishati nyingi mno kuliko itakayorudisha. Akasema iliyowahi kutengenezwa na maabara zote, ukiikusanya, ingewasha balbu moja kwa dakika chache, basi. Pili, utaiweka wapi? Kila chombo ni maada. Ukiigusisha ukuta umeikosa, na chombo umekikosa. Yeye na wenzake walisherehekea kushika atomu zisizotosha hata kuonekana kwa darubini. Tatu, hata ukiwa nayo, sehemu kubwa ya ule mwanga hutawanyika kila upande na kupenya kuta. Haielekezwi kama moshi wa roketi. Kuna chembe nyingine zinazoweza kuelekezwa kwa sumaku, na hapo ndipo wenye matumaini wanaposhikilia. Lakini injini hiyo ingekuwa na joto la kuyeyusha kila kitu tunachojua kukitengeneza.

"Kwa hiyo mimi sitakwenda," akasema. "Ninyi hamtakwenda. Wajukuu zenu, sidhani."

Tabasamu la Mkuu likaondoka. Nikamwona anatazama saa.

Msichana wa Kidato cha Nne akasimama, Rehema, binti mkali, baba yake fundi mitumbwi Ilagala. "Kwa hiyo jibu ni haiwezekani?"

"Hapana. Sheria za maumbile hazijakataa. Sisi ndio hatuwezi. Msichanganye hayo mawili. Haiwezekani ni habari ya dunia. Hatuwezi ni habari yetu."

Rehema hakukaa. "Samahani, kaka. Sasa kwa nini ulipoteza maisha yako kwa kitu ambacho hatuwezi?"

Nilitaka kumketisha. Shabani akainua kidole, nikakaa.

Alikunywa maji kwanza. "Sikuyapoteza. Nilipoanza hatukujua inakwamia wapi. Sasa tunajua. Mtu akija baada yetu hatarudia njia ileile, ataanzia pale tulipokwama. Hiyo ni kazi. Na niliipenda, dada yangu. Nilikuwa naamka asubuhi naikimbilia."

Akataka kuongeza kitu, kikohozi kikamkamata. Hakikuachia. Mama yake akasimama.

"Mutoto wangu amechoka. Basi."

Hakuna aliyepiga makofi. Walisimama wote, bila kuambiwa, mpaka alipotoka.

Mkuu alinipita koridoni akasema ungemwambia aishie kwenye ile nguvu ya kubomoa mji.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane. Mama Shabani amenipigia simu mwenyewe. Hajawahi. Shabani amelala mchana kutwa, haamki hata kwa maji. Nimekwenda. Tumemgeuza, tumembadilisha shuka, tumempaka mafuta mgongoni. Mgongo ni mifupa tu. Tulifanya pamoja, yeye upande huu, mimi upande ule.

Tulipomaliza akasema, "Bado sijakusamehe vizuri, Mwalimu. Lakini kaa."

Nimekaa mpaka magharibi.

Jumatatu, 12 Agosti

Maumivu. Nesi anakuja nyumbani na dawa ya matone. Ikimshika anatulia, ikiisha anauma mto. Nimeomba ruhusa kazini. Mkuu ametoa, sina la kulalamika.

Leo dawa ilimwachia nafasi kidogo, akanifahamu. Akasema msimwache Mkuu aseme nimekufa kwa ajili ya sayansi.

Nikamwambia usiseme hivyo.

"Nakufa kwa ugonjwa. Waambie hivyo. Mama asije akasikia kitu kingine."

Nikaahidi. Mikono yake ina baridi wakati mwili unawaka. Ninajua kueleza jinsi joto linavyosafiri. Haikunisaidia kitu.

Jumatano, 14 Agosti

Hali mbaya. Jirani, mama wa Kirundi anayelima Kasulu na kuja Ujiji kwa mwanawe, ameleta uji. Shekhe alikuja akamsomea. Nilikaa nje kwa heshima. Hata mimi nilisali, kwa njia yangu.

Namwomba Mungu ampumzishe. Kisha naona aibu kuliomba. Kisha namwomba tena.

Alhamisi, 15 Agosti

Shabani amefariki asubuhi, jua limeshatoka. Mama yake amemshika. Nilikuwa nachemsha maji.

Amezikwa alasiri. Wanaume walimchukua, sisi wanawake tulibaki kwenye mikeka. Sikuona kaburi. Niliona jeneza likipita mlango ule mama yake alionifungia Julai, wakaliinamisha kidogo lipite.

Jirani yule wa Kirundi alimkumbatia mama Shabani akirudia "ihangane, ihangane." Vumilia. Mama Shabani aliitikia kila mara, kama mtu anayeitikia salamu.

Siwezi zaidi.

Jumamosi, 17 Agosti

Bado tangani. Mkuu wa shule alikuja na walimu. Wameleta mchele na rambirambi. Akaomba kusema machache. Akasema kijana huyu ni shujaa, ametoa uhai wake kwa sayansi, jina lake litaandikwa ukutani maabara.

Mama Shabani akainua uso. Nikaona ile hofu inarudi machoni. Ile ya nyoka ndani ya chupa.

Nikasimama. Mbele ya Mkuu wangu, mbele ya waombolezaji. Nikasema, naomba radhi, hakutoa uhai wake kwa chochote. Aliugua saratani. Kazi yake haikumdhuru, yeye mwenyewe aliniagiza niliseme hilo. Alikuwa mtoto wa mama huyu. Alipenda kazi yake na alitaka kuishi.

Mkuu akaketi. Watu wakaangalia mikeka. Nikajua nimevunja adabu ya msiba, na kazini nitalipia kwa ratiba mbaya. Mama Shabani alinisogezea bakuli la maji ninawe mikono.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimerudi darasani. Ratiba mpya, vipindi vyangu vyote vya mwisho wa siku, watoto wamelegea kwa njaa. Nilijua.

Rehema amenifuata maabara. Anaona swali lake lilimuua Shabani. Nikamwambia swali lako lilimpa jibu zuri kuliko yote aliyosema siku ile. Hakuniamini. Akalia kwenye meza ya vyombo vya kioo. Sikujua nifanye nini, nikampa kitambaa cha kufutia ubao.

Namkosa Shabani. Namkosa yule wa Kidato cha Pili na namkosa huyu mwenye skafu. Ni kama nimefiwa na wawili. Watu wananipa pole ya mwalimu, pole ndogo. Hakuna jina la msiba wangu.

Jumapili, 8 Septemba

Nimetoka kanisani nikamkuta mama Shabani amekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu. Hajawahi kufika Bangwe kwangu. Ameulizia njia.

"Hodi, Adela," akasema, akiwa ameshakaa. Hajawahi kuniita kwa jina.

Nikamkaribisha ndani. Tulizungumza bei ya sukari, na joto linaloanza, na binti yangu wa Kasulu anayetarajia kujifungua. Hakumtaja Shabani, nami sikumtaja. Nikaenda jikoni kubandika maharage.

Niliporudi alikuwa amelala kwenye kochi. Amekaa hivyohivyo, kichwa kimeangukia bega, viatu bado miguuni, mdomo wazi kidogo. Jirani zake waliniambia tangu tanga halali, anazunguka ndani mpaka alfajiri.

Nimemvua viatu. Nimemwinua miguu taratibu, hakushtuka. Nimemfunika kwa kitenge changu cha kanisani maana ndicho kilichokuwa karibu.

Ziwa limetulia leo. Milima ya Kongo inaonekana. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira kwenye ukuta wangu, nimewaomba waende mbali kidogo. Nimezima redio. Maharage nimeyaepua, yataiva baadaye.

Bado amelala.